Nimeshaanua, sasa nalala

Usiku wa Ijumaa, tarehe 3 Mei 2024, nilimpigia mama simu mara tisa bila kupokelewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imeshatangaza kwamba kimbunga Hidaya kinasogea pwani yetu. Boti za Unguja zilikuwa zimesimamishwa. Mimi nilikuwa Dar es Salaam, chumbani kwangu, simu ikiwa kwenye chaja, napiga, nakata, nafungua ramani ya upepo, napiga tena. Mama anaishi Jambiani, kusini mashariki ya Unguja, na kutoka mlangoni kwake mpaka mchangani hazifiki hatua mia mbili.

Mara ya kumi akapokea, kwa sauti ya mtu aliyekurupushwa usingizini.

"Mama, kuna kimbunga!"

"Nimesikia redioni tangu mchana."

"Sasa?"

"Sasa nini, mwanangu? Mwani nimeshaanua wote. Mbuzi nimekuja nao huku juu kwa shangazi yako. Nimesali. Sasa nalala. Na wewe lala."

Akakata simu. Mimi nilikaa vile vile mpaka nikasikia adhana ya alfajiri. Kesho yake kimbunga kilifika karibu na Mafia kikiwa kimeshapungua nguvu, na mama aliamka akarudi kwake na mbuzi wake. Mwenye nyumba ya ufukweni alikuwa amelala usiku kucha. Aliyekesha ni mimi, niliyekuwa ng'ambo ya maji, ambaye kukesha kwangu hakukushika hata kamba ya dirisha lake.

Tangu usiku ule nimekuwa nikijiuliza mama alilalaje. Naandika haya kwa ajili ya wenzangu wasiolala, maana najua wapo.

Kazi yangu ni kutafsiri habari. Zinaingia kwa Kiingereza, zinatoka kwa Kiswahili, zinasomwa redioni. Kwa miaka kadhaa sasa habari za mabadiliko ya tabianchi zinapitia dawati langu. Neno lenyewe nililipenda tangu siku ya kwanza. Kwetu tabia ni neno la watu: mtoto ana tabia njema, mume kabadilika tabia. Ukisema nchi imebadilika tabia unakuwa unamzungumzia mtu wa nyumbani uliyemzoea, ambaye siku hizi anarudi saa asizorudi, anavunja vitu, na ukimuuliza hakujibu. Nililitafsiri neno hilo mara nyingi kabla ya kulihisi.

Alhamisi ya tarehe 30 Novemba 2023, mkutano wa Umoja wa Mataifa wa tabianchi, COP28, ulipofunguliwa Dubai, nilitafsiri habari ya kuzinduliwa kwa mfuko wa hasara na uharibifu, ule uliokubaliwa mwaka mmoja nyuma kule Sharm el-Sheikh ili nchi zinazoumizwa zaidi zisaidiwe. Nilifurahi kweli. Nilimwambia mwenzangu wa meza ya pili kwamba safari hii kuna kitu. Jumapili yake, tarehe 3 Desemba asubuhi, matope, mawe na miti vilishuka kutoka Mlima Hanang na kuufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa huko huko Dubai kwenye mkutano ule, alikatisha safari. Waliokufa walizidi 80. Serikali ilieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua mpaka ikashindwa kujibeba, ikameguka.

Ile Jumapili nilikuwa kazini. Nilifika kwenye sentensi iliyohusu soko lililofunikwa na matope, vidole vikasimama. Sikulia. Niliitazama skrini tu, nikisikia moyo unapiga masikioni, mpaka mwenzangu akavuta kiti akaimalizia habari ile kwa mkono wake. Tulipotoka hakuniuliza kitu, akaninunulia maji.

Baada ya hapo ikawa mvua. Nyumba ninayopanga iko bondeni, na mfereji unaoelekea Mto Msimbazi unapita nyuma yetu. Desemba 2011 nilikuwa mwanafunzi hapa hapa Dar, mafuriko yalipoua watu zaidi ya 40 na waliopoteza nyumba wakahamishiwa Mabwepande, kwa hiyo sikuwa mgeni wa maji. Lakini sasa kila tone juu ya bati lilinikalisha kitandani. Sisi tumelelewa kuiita mvua neema. Mgeni akifika nayo tunasema amekuja na baraka. Ikichelewa, wanaume kwa wanawake wanatoka uwanjani kusali sala ya kuiomba. Mimi nikawa mtu wa kuchukia mawingu, na jambo hilo lilinitia aibu ambayo sikumwambia yeyote, hata mama.

Nikiamka saa nane usiku nashika simu. Rufiji imejaa maji, watu wanapita kwa mitumbwi pale palipokuwa na mashamba. Mai Mahiu, Kenya, tarehe 29 Aprili 2024, maji yameshuka usiku na kuzoa nyumba na waliolala ndani. Matumbawe yanapauka dunia nzima. Barafu ya Kilimanjaro. Namaliza moja nafungua nyingine. Nadhani niliamini kwamba nikiyajua yote mapema, hakuna litakalonishtua. Haikuwa hivyo. Nilikuwa nashtuka mara mia kwa usiku mmoja, kwa maji ambayo hayakuwa mlangoni kwangu.

Nilipoanza kukosa pumzi nilikwenda zahanati. Wakapima presha, iko sawa. Wakapima malaria, hakuna. Wakaniandikia dawa za vidonda vya tumbo, na tabibu, kijana mpole, akaniambia: "Dada, punguza mawazo."

Nadhani hakuna ushauri tunaopeana kwa wingi kuliko huo. Mjane anaambiwa apunguze mawazo, aliyefukuzwa kazi anaambiwa apunguze mawazo. Tunausema kwa mapenzi, na sikumchukia yule kijana. Ila sijawahi kumsikia mtu akieleza yanapunguzwaje. Na ukitaka kuuliza zaidi unaogopa, maana ukimwambia mtu wa Unguja kwamba unakwenda kumuona daktari wa akili, la kwanza linalomjia ni hospitali ya wagonjwa wa akili ya Kidongo Chekundu, na kwa mtu wa Bara ni ile ya Mirembe, na papo hapo anaanza kukutazama kwa jicho jingine.

Zimbabwe wana neno la Kishona, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Ni haya haya mawazo yetu. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, alianza na mabibi 14 jijini Harare. Akawafundisha kukaa kwenye benchi na mtu anayesumbuliwa na mawazo, wamsikilize, kisha wamsaidie kuchagua tatizo moja, moja tu, la kuanza nalo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionesha kwamba waliokaa na mabibi wale walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Habari hiyo niliitafsiri mimi mwenyewe. Nilitafsiri pia ule utafiti wa mwaka 2021 uliowauliza vijana 10,000 wa miaka 16 hadi 25, katika nchi 10, wanajisikiaje kuhusu tabianchi. Karibu 6 kati ya 10 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa mno, na zaidi ya asilimia 45 walisema hisia hizo zinawavuruga hata katika maisha ya kila siku. Afrika iliwakilishwa na Nigeria peke yake. Niliipeleka studio nikaenda kula. Haikunipitia akilini kwamba inanihusu.

Nilipoanza kutafuta msaada mtandaoni, mengi niliyoyakuta yaliandikwa kwa watu ambao maafa kwao bado yako mbele. Punguza nyama. Punguza safari za ndege. Mama yangu hajawahi kupanda ndege. Bara zima la Afrika linatoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia, na mimi nilikuwa nimefikia kujilaumu kwa mkaa wa kuchemshia maharage. Nataka kulisema hili wazi, kwa sababu lilinisaidia kuliko nilivyotarajia: siku niliyokubali kukasirika, kifua kilipungua uzito. Lile deni nililokuwa nimelibeba kama langu lina wenyewe, na linadaiwa kwenye mikutano, kwa majina ya nchi. Langu ni dogo zaidi. Lakini wakati ule sikujua ni lipi.

Juni 2024 nikachukua likizo, nikaenda Jambiani.

Hapa lazima nieleze mwani, kwa sababu bila mwani mama haeleweki. Kilimo cha mwani wa biashara kilianza Paje, kijiji cha jirani, mwaka 1989. Mimi nimezaliwa 1990, kwa hiyo mimi na mwani tu rika moja. Mama alikuwa akinifunga mgongoni kwa kanga akishuka nami shambani. Ada yangu ya shule, sare, hata nauli ya kunipeleka chuo kikuu, vyote vilitoka kwenye kamba zile. Wakulima 8 kati ya 10 ni wanawake, na kwa wengi wao ile ndiyo ilikuwa pesa ya kwanza kushika bila kumwomba mume.

Unapigilia vigingi viwili mchangani, unakaza kamba katikati, kisha unafunga vipande vya mbegu kwa tai-tai, yaani nyuzi za kufungia, kimoja baada ya kimoja, kila kipande cha kujaa kiganja. Mama hufunga bila kutazama. Kidole gumba kinabana, cha shahada kinazungusha, fundo limekwisha, mkono umeshahamia kingine. Ngozi ya ncha za vidole vyake ni ngumu na nyeupe, imechanikachanika kwa chumvi. Baada ya wiki sita hivi unavuna na kuacha mbegu, unaanika siku mbili tatu, na ukiona wingu unaanua mbio, maana mwani ulionyeshewa unaharibika bei.

Zilikuwepo aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei, karibu mara mbili ya mwenziwe. Miaka ya mwanzoni mwa 2000 ikaanza kufa. Matawi yanageuka meupe, yanalainika, yanakatika, unashuka asubuhi unakuta kamba tupu. Wataalamu wanasema joto la maji ya kina kifupi linaudhoofisha mwani na magonjwa yanamalizia. Mama hakuhitaji kipimajoto. Anasema wakati wa kaskazi, jua la Februari likiwaka na maji yamekupwa, vidimbwi vinavyobaki vinachoma nyayo.

Nilimuuliza jioni moja, tumekaa barazani anachambua mwani: "Kotonii ilipokufa, hukuumia?"

"Niliumia sana. Nililia kule kule majini, maana majini hakuna anayejua kama unalia."

"Halafu?"

"Halafu maji yakajaa."

Nilisubiri aendelee. Hakuendelea. Kwake jibu lilikuwa limekwisha, na mimi nilihitaji siku nne za kushuka naye pwani ndipo nikaanza kulielewa.

Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu. Siku hizo bahari hukupwa mbali sana, na wanawake hushuka na vigingi, kamba na magunia yao. Wana saa tatu, nne. Katika saa zile kazi ni kazi: hukai, hupigi soga ndefu, jua liko utosini na mgongo umepinda. Kisha maji yanarudi. Kwanza unayahisi kwenye kifundo cha mguu, mara yako magotini, na hapo hata kama umebakiza kamba kumi unazibakiza. Hakuna mwanamke anayebishana nayo. Halafu zinakuja siku za maji mafu, bahari haikupwi ya kutosha, shamba limefunikwa. Siku hizo watu wanasuka kamba, wanashona, wanakwenda kwenye harusi na misiba, wanalala mchana.

Mama amehangaika na mwani zaidi ya miaka 30 na hajawahi kuhangaika nao usiku kucha. Bahari yenyewe inamtoa. Dawati langu halina maji kujaa. Simu yangu haina maji mafu. Habari ziko pale saa nane usiku kama zilivyo saa nne asubuhi, na mimi nilikuwa nimesimama katikati ya shamba lisilofunikwa, nafunga, nafunga, bila kitu cha kuniambia basi.

Sitaki msomaji aondoke akidhani mama yangu ni mtulivu wa kuzaliwa. Ana hofu zake. Ananiambia kusi halikai mahali pake siku hizi, vuli inakuja kama mgeni au haiji kabisa, na yale majina ya misimu na pepo aliyorithi kwa mamaye, kipupwe, mchoo, matlai, anayataja kwa kusitasita, kama mtu anayetaja jina la ndugu aliyesafiri bila kuaga. "Vuli niliyokuwa naijua mie," akasema, akanyamaza. Mwanafalsafa mmoja wa Australia, Glenn Albrecht, alitunga neno solastaljia baada ya kuwasikiliza watu wa Bonde la Hunter walioona ardhi yao ikichimbwa makaa ya mawe. Ni ile hamu ya nyumbani inayomshika mtu akiwa bado yuko nyumbani kwake. Nilipolisoma neno hilo miaka ya nyuma niliandika pembeni kwamba halina Kiswahili. Mama alikuwa analisema barazani, na Kiswahili chake kilitosha.

Jambo la pili la Jambiani lilikuwa dumu.

Kotonii bado inaweza kuishi kwenye maji ya kina kirefu, kwa sababu huko joto ni dogo. Mtafiti Dk. Flower Msuya ameshughulika miaka mingi na wakulima wa Zanzibar kutafuta njia za kuilima huko, kwa neti za mirija na vyelezo. Tatizo ni kwamba kule hufiki kwa miguu, na wanawake wengi wa pwani yetu, walioshinda baharini maisha yao yote, hawajui kuogelea. Hawakufundishwa. Kwa hiyo mama yangu, wa miaka 57, alikuwa anajifunza.

Nilisimama majini mpaka kiunoni nikimtazama. Alikuwa na nguo zake zote na mtandio ameukaza. Mwalimu, msichana mdogo kuliko mimi, alimpa dumu la njano la mafuta ya kula, tupu, limefungwa kifuniko, alikumbatie kifuani. Kisha akamlaza chali. Nikamwona mama akiogopa. Sikuwa nimewahi kuiona hofu ile usoni kwake, hata siku ya kumzika baba. Macho ameyafumba kwa nguvu, midomo inakwenda mbio kwa dhikri, vidole vimeling'ang'ania dumu mpaka likabonyea. Shingo aliikaza. Kila alipoikaza alizama, na kila alipozama alinyanyuka akikohoa, akasema "tena". Mara nne. Mara ya tano shingo ikalegea. Msichana akatoa mkono wake mgongoni, polepole, bila kumwambia. Mama akaelea. Sekunde kumi labda. Kanga ikafunguka majini ikamzunguka kama ua.

Alipotoka alikuwa anatetemeka. Nikamfunika, nikamuuliza kama hofu imekwisha.

"Imekwisha wapi?" akasema. "Lakini leo basi. Maji yanajaa."

Kwenye chuo chetu cha Kurani, tukiwa wadogo, tulifundishwa hadithi ya mtu aliyemuuliza Mtume kama amwache ngamia wake bila kumfunga na amtegemee Mungu. Akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Niliijua kwa moyo, na nilikuwa nimeichukulia kuwa hadithi ya ngamia. Kwenye boti ya kurudi Dar ndipo nilipoyapanga maneno ya mama ya usiku ule wa Hidaya kwa utaratibu wake: nimeshaanua, mbuzi nimekuja nao, nimesali, sasa nalala. Alianza na mikono. Mimi nilikuwa nimeomba dua usiku kucha miezi sita na sijaanua hata unyasi.

Lakini nianue nini? Sina mwani. Siwezi kuiingiza Rufiji ndani ya nyumba. Swali hilo lilinichukua wiki kadhaa, na katika wiki hizo nilikwenda pia kumuona mshauri wa saikolojia, mara sita, kwa nauli ya daladala na ada ambayo nilipaswa kujibana kuilipa. Nalisema hili ili mwenye nafasi aende. Mshauri huyo alinisikiliza, kisha akaniuliza nimefiwa na nani. Nikamjibu hakuna. Akanyamaza. Nikajikuta nataja vitu: kotonii, vuli, matumbawe ya upande wa kwetu niliyoyaona mwaka 1998 yakiwa meupe kama mifupa, mimi nikiwa na miaka minane nadhani ni mapambo mapya. Kwetu msiba una siku zake. Kuna siku tatu, kuna arobaini, mjane ana miezi minne na siku kumi. Watu wanakuja, wanakaa mkekani, wanapika, kisha siku zinaisha na unaambiwa uinuke. Kwa vuli hakuna aliyetandika mkeka. Nililia pale kwenye kile kiti, kilio cha kweli, na hicho ndicho kilio nilichokidai tangu ile Jumapili ya Katesh.

Niliporudi nyumbani nilianza na mwanangu. Ana miaka saba, na usiku mmoja wa mvua aliniuliza: "Mama, maji yakija mimi nichukue nini?" Kumbe naye alikuwa macho. Nilikuwa nimejiaminisha kwamba hajui. Kesho yake tukachukua mfuko mgumu wa plastiki, tukatia vyeti vyetu vya kuzaliwa, nakala ya mkataba wa nyumba, kadi yake ya kliniki, tochi na pesa kidogo, tukautundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikamwambia nafasi iliyobaki ni yake. Alifikiri sana, akatia jezi yake na mswaki. Kila akipita mlangoni anaugusa ule mfuko. Hajaniuliza tena.

Simu inaingia kabatini baada ya sala ya Isha. Hilo halina maelezo marefu, gumu ni wiki mbili za mwanzo.

Kubwa lilikuwa majirani. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, Kisarawe, na mvua ikipiga huko, maji yanatufikia hata kama kwetu kuna nyota. Jirani yangu mmoja ana dada yake anaishi Pugu. Ilianza kwa kuombana namba: dada akiona mvua kubwa apige. Halafu tukagundua, nyumba nne, kwamba kila usiku wa mvua wote tuko macho, kila mtu chumbani kwake, kila mtu na simu yake, hakuna anayejua kuhusu mwenzake. Nilisimama uani nikiwa na kikombe cha chai nikashangaa. Watu tisa wazima tunakeshea mfereji mmoja, na hakuna anayeutazama.

Tukapanga zamu. Saa nne mpaka saa sita, saa sita mpaka saa nane, saa nane mpaka saa kumi, saa kumi mpaka kumi na mbili. Mzee fundi cherehani wa nyumba ya mwisho akachora alama tatu za rangi nyekundu kwenye ukuta wa mfereji. Maji yakifika ya kwanza, mwamshe mwenzako wa zamu. Ya pili, amsha nyumba zote, watoto watolewe. Ya tatu, hakuna kurudi kuchukua kitu. Jumamosi moja kabla ya msimu wa mvua tunazibua takataka, wanaume na wanawake, hata yule aliyesema hiyo ni kazi ya manispaa alikuja na koleo.

Sidanganyi mtu. Alama za rangi hazizuii mafuriko. Maji yakivuka ile ya tatu nyumba zetu zinaweza kwenda, na bado nataka wakubwa wa dunia walipe, na bado nataka mitaro ya mji huu ijengwe inavyotakiwa. Ninachosema ni kwamba usiku wa kwanza wa zamu nilipanda kitandani saa nne, mvua inapiga bati, na kwa kuwa niliijua tochi ya jirani iko nje, nililala. Nililala fofofo mpaka kengele ya saa nane. Nilikuwa nimesahau mwili unavyokuwa mzito ukilala mvua inanyesha, ule usingizi wa utotoni, chini ya makuti.

Januari 2025 ikaja habari ya Shirika la Hali ya Hewa Duniani: mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko miaka yote iliyopimwa, nyuzi 1.55 juu ya kiwango cha kabla ya viwanda. Nilitafsiri neno kwa neno, nikasoma mara ya pili, nikapeleka. Kisha nikatoka nje kununua mihogo ya kukaanga, nikala, na katikati ya kula nikaogopa kitu kingine kabisa: je, nimekuwa sugu? Nilibeba swali hilo siku nzima. Usiku ule mvua ikanyesha na zamu ya saa nane ilikuwa yangu, nikavaa koti, nikachukua tochi. Mtu sugu haamki saa nane kwenda kupima maji.

Mfereji ulikuwa unakwenda kwa kasi, na chupa, majani na ndala moja ya mtoto vikizunguka kwenye kona. Nilikaa kwenye ndoo niliyoipindua chini ya upenu. Kila robo saa namulika. Nilimkumbuka mama na dumu lake. Moyo ulikuwa unadunda, kweli, ila ulikuwa na kitu cha kutazama.

Ilipofika saa kumi kasoro dakika tano, maji yalikuwa viganja viwili chini ya alama ya kwanza. Nikapiga simu nyumba ya mwisho.

"Shikamoo mzee. Zamu yako."

"Marahaba, binti yangu. Nimeshaamka, navaa viatu. Yako wapi?"

"Chini ya alama. Viganja viwili."

"Haya, nakuona kwa tochi. Ingia ndani ulale."